Vyeti vya Mitandao ya Kompyuta: Vilitoka Wapi, na Mwenye Navyo Aelekee Wapi



Kamati iliponiomba niandike ukurasa wa historia katika toleo hili la ukumbusho, nilidhani nitatakiwa kusimulia habari za kambi yenyewe: jinsi mahali hapa wilayani Dowa palivyokuwa gereza kwanza, jinsi palivyofunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, na jinsi kambi iliyokusudiwa watu elfu kumi au kumi na mbili ilivyokuja kubeba zaidi ya 50,000. Hayo wataandika wazee walioyaona kwa macho. Mimi nimepewa jambo ambalo vijana huniuliza karibu kila juma: "Kaka, nimemaliza kozi ya netiweki. Sasa?"

Swali ni fupi. Lakini halijibiki vizuri bila kujua karatasi ile ilitoka wapi na ilitungwa kwa ajili ya nani. Mimi mwenyewe sikulijua hilo kwa wakati, na nitaanza na kisa changu kwa sababu hiyo.

Nilifanya mtihani wa CCNA mjini Kigali mwaka 2013, nikafaulu. Nilikuwa nakaa Bujumbura, nikapata kazi ya kufunga mitandao maofisini, na cheti nikakiwekea fremu ya kioo ukutani kama picha ya harusi. Mwaka 2015 mambo yaliharibika kwetu, tukakimbia. Fremu ilibaki, karatasi niliikunja nikaitia ndani ya soksi. Mwaka 2016, nikiwa tayari hapa kambini, nikasikia kuna ofisi inayotafuta mtu wa kutazama mtandao wao. Niliitoa ile karatasi, nikainyoosha kwa pasi ya mkaa ya jirani, nikaenda. Mtumishi aliyenipokea aliitazama mara moja tu, akaweka kidole kwenye tarehe ya chini. "Hiki kimeshakufa, ndugu yangu," akasema, akanirudishia. Miaka 3 ilikuwa imepita. Sikuwa nimesahau hata jambo moja la kazi ile, lakini karatasi yangu haikuwa ikipima nilichokumbuka. Ilikuwa ikihesabu siku.

ELIMU ILIYOZALIWA NJE YA CHUO

Mitandao ya kompyuta haikuanza na vyeti. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles ilijaribu kuzungumza na kompyuta nyingine iliyokuwa Stanford Research Institute, mbali mamia ya kilomita. Neno lililokusudiwa kupelekwa lilikuwa "login". Zilifika herufi mbili, L na O, kisha mashine ikaanguka. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, akiwa katika kampuni ya Xerox, aliandika mawazo yake ya kwanza juu ya Ethernet, njia ya kuunganisha kompyuta za jengo moja. Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha kanuni za namna mitandao tofauti inavyoweza kuelewana, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET ukahamia kwenye kanuni hizo, ambazo tunaziita TCP/IP hadi leo. Watu hawa walikuwa wasomi wenye digrii zao, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na cheti cha mitandao. Kisingeweza kuwapo, maana wao ndio waliokuwa wakiitunga kazi yenyewe.

Cheti kililetwa na biashara. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Novell iliuza maofisini programu yake ya NetWare, ambayo iliwezesha kompyuta za ofisi moja kutumia faili na mashine moja ya kuchapia. Mitambo ikaenea upesi kuliko mafundi. Mwenye ofisi alipoitisha fundi hakuwa na njia ya kujua kama aliyesimama mlangoni anaijua kazi au anakuja kujifunzia kwake. Basi Novell ikaanza kuwapima mafundi kwa mitihani yake na kuwapa waliofaulu jina la CNE. Ni kama kiwanda cha baiskeli kinachompa fundi wa mtaani karatasi ya kusema: huyu anaijua baiskeli yetu. Karatasi hiyo inamfaa fundi, inamfaa na mteja, lakini zaidi ya wote inakifaa kiwanda.

Wengine wakafuata. Microsoft ilianza mitihani yake mwaka 1992. Mwaka 1993 chama cha CompTIA kilitoa cheti cha A+ kwa mafundi wa kompyuta, na mwaka uleule Cisco ikatoa CCIE, mtihani ambao mwanzoni ulichukua siku mbili mbele ya mitambo halisi. Cisco ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1984 na Leonard Bosack na Sandy Lerner, mume na mke waliokuwa wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Stanford, na ilitajirika kwa kuuza ruta, yaani vile vyombo vinavyoamua habari ipite njia gani kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Kwa wanaoanza, CCNA ilikuja mwaka 1998.

Sasa angalia jambo hili. Chuo kikuu kikikupa digrii, hakirudi baada ya miaka mitatu kuichukua. Kiwanda hurudi, kwa sababu mtambo wake umebadilika na kinataka mafundi waujue mtambo mpya. Aliyekuwa na CNE mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliheshimiwa sana. Miaka kumi baadaye ofisi nyingi zilikuwa zimehamia Windows, na heshima ile ikahama nazo. Microsoft nayo iliwatangazia wenye vyeti vya Windows NT 4.0 kwamba wasipofanya mitihani ya Windows 2000 hadi mwisho wa mwaka 2001 watapoteza cheo chao. Kelele zikapigwa dunia nzima, hata kampuni ikarudi nyuma. Lakini mwaka 2021 cheo chenyewe cha MCSE kilifungwa kabisa. Vyeti vya CompTIA vilikuwa vya maisha, mpaka ulipoingia mwaka 2011 wakaweka miaka mitatu kwa wapya. CCNA ni miaka mitatu, na mwaka 2020 mtihani wake ulipangwa upya, ukaongezewa mambo ya kuiendesha mitambo kwa programu ambayo mimi wa mwaka 2013 sikufundishwa.

Sisemi kwamba hilo ni dhuluma. Fundi aliyesimama mwaka 2013 kweli hawezi kuaminiwa na mitambo ya leo bila kujifunza tena. Ila mpango mzima ulitungwa kwa mtu aliye kazini, ambaye mwajiri wake hulipa ada ya mtihani na kumpa siku ya mapumziko akaufanye. Haukumfikiria mtu anayengoja. Na sisi, ndugu zangu, tunangoja sana.

JINSI ELIMU HIYO ILIVYOTUFIKIA

Shule za Cisco, ziitwazo Networking Academy, zilianza Oktoba 1997 nchini Marekani katika vyuo na shule 64 za majimbo saba. Chanzo chake kilikuwa cha kawaida sana: shule zilikuwa zimefungiwa mitandao, walimu hawakujua kuitengeneza ikiharibika, na ikaonekana wanafunzi wenyewe wafundishwe. Mwaka 2000, wakati wa mkutano wa mataifa makubwa ulioketi Okinawa, Japani, kampuni hiyo na UNDP zilitangaza kupeleka shule hizo katika nchi 24 miongoni mwa zile zilizohesabiwa kuwa na maendeleo duni kabisa. Hivyo ndivyo somo lilivyoanza kusogea upande wetu.

Lakini tusije tukadhani Afrika ilingoja kufundishwa. Hapa Malawi, Dk. Paulos Nyirenda, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Malawi, alikuwa miongoni mwa watu waliohangaikia barua za kompyuta tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati simu ilikuwa ya waya na yenye kukatika. Nchini Ghana, Profesa Nii Quaynor alifanya kazi kama hiyo kwa Afrika Magharibi, na mwaka 2000 wahandisi wa Kiafrika walianza kukutana kila mwaka katika AfNOG, mkutano ambao mafundi hufundishana wao kwa wao, mbele ya mitambo. Matunda yake mojawapo ni AfriNIC, ofisi ya kugawa anwani za intaneti kwa bara zima, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005.

Kisa ninachokipenda ni cha Nairobi. Mpaka mwaka 2000 barua ya kompyuta kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kampuni nyingine ya mtaa wa pili ilipanda kwa setilaiti hadi ng'ambo, ikazunguka huko, ikashuka tena Nairobi. Gharama yake ililipwa kwa dola. Kampuni hizo zikaamua kuunganisha waya zao katika chumba kimoja, KIXP, Novemba 2000. Baada ya wiki mbili hivi serikali ikakifunga, kwa sababu shirika la simu la Telkom Kenya lililalamika kwamba haki ya kubeba mawasiliano hayo ni yake peke yake. Ilichukua hadi Februari 2002 kukifungua tena. Kitu chenyewe kilikuwa swichi ndani ya chumba! Rwanda ilipata chake mwaka 2004, Malawi mwaka 2008, Kinshasa mwaka 2012. Kila chumba cha namna hiyo kilihitaji watu wa kukilinda usiku na mchana, na huko ndiko ajira zilikozaliwa.

Kisha ukaja mkongo wa baharini. SEACOM ulianza kazi Julai 2009 ukigusa Mombasa, Dar es Salaam na Maputo. Wengine wakaufuata mwaka huohuo na mwaka 2010. Kutoka pwani waya zikachimbiwa barabarani kuja nchi zisizo na bahari kama hii tuliyomo. Kijana anayesoma mitandao leo anasoma kazi ambayo, kabla ya hapo, upande wetu ilikuwa ya watu wachache wa benki na ubalozi.

Upande wa wakimbizi, mwaka 2010 Dzaleka na Kakuma zilikuwa miongoni mwa kambi za kwanza kupata mpango wa Wajesuti wa masomo ya juu kwa njia ya kompyuta. Stashahada yake ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani, na mwaka 2013 tuliona watu wa kambi hii wakivaa majoho. Mwaka uleule Vodafone Foundation na UNHCR walianzisha madarasa yenye kompyuta ndogo na intaneti katika shule za wakimbizi, zikiwemo za Dadaab na Nyarugusu. Nataja haya kwa sababu kila darasa la namna hiyo lina ruta, swichi, betri na waya, navyo vyote huharibika. Anayevitengeneza mara nyingi ni mkimbizi wa posho ambaye jina lake haliingii katika ripoti yoyote.

KARATASI MBILI ZINAZOCHANGANYWA

Kabla ya kwenda mbele niondoe kosa moja ambalo nimeliona likiwaaibisha vijana wazuri. Kumaliza kozi ya Networking Academy si kuwa na CCNA. Kozi za CCNA ni tatu, na kila moja ina karatasi yake ya kumaliza. Karatasi hizo ni nzuri na hazifi. Cheti cha CCNA chenyewe hutolewa baada ya mtihani mmoja unaofanyiwa katika kituo cha kampuni ya Pearson VUE, au nyumbani kwa kamera tangu mwaka 2020, kwa ada ya dola 300. Aliyemaliza kozi akaandika katika maombi yake "Nina CCNA" ameandika uongo bila kujua, na mwajiri hulichunguza jambo hilo kwa dakika moja.

Dola 300 kwa mfanyakazi wa posho ni mlima. Mwanafunzi aliyefanya vizuri katika mitihani ya kozi huweza kupewa punguzo. Mwulize mwalimu wako kabla darasa halijafungwa, maana baada ya hapo hakuna wa kuuliza. Kikwazo cha pili ni kitambulisho. Kituo hutaka kitambulisho cha serikali chenye picha, na jina liwe lilelile herufi kwa herufi. Wangapi kati yetu majina yetu yaliandikwa vingine kwenye mpaka, vingine kwenye kadi ya mgao, vingine kwenye diploma ya kule nyumbani? Andika barua kwa kituo kabla ya kulipa, uulize kama karatasi yako ya ukimbizi inapokelewa, na ulitunze jibu lao.

Ushauri wangu, ambao si kila mwalimu atakubaliana nao, ni huu: usikimbilie mtihani huo mara tu baada ya kozi kama huna kazi wala safari mbele yako. Saa ya miaka mitatu huanza kugonga siku unayofaulu. Soma, fanya mazoezi, tunza karatasi za kozi, na mtihani ufanye wakati kuna mlango unaouona. Mwenye cheti ambacho bado ni hai anaweza kukiongezea maisha kwa kufaulu mtihani mwingine, au kwa kukusanya pointi 30 za masomo ya kuendelea. Chetu kikishakufa, tunaanza upya kama wageni.

KAZI GANI

Mtu aliyesoma mitandao huanzia chini, na chini si aibu: kuvuta waya darini, kubana vichwa vya waya kwa koleo, kupima, kuweka alama, kupanda mnara kufunga dishi. Kisha dawati la msaada, yule anayejibu simu za watu waliokosa intaneti. Juu yake mtunza mtandao wa ofisi, na zamu za usiku katika vyumba vya kampuni za simu ambako watu hutazama taa na chati za mitambo. Kutoka hapo njia hugawanyika: wengine huingia usalama wa mitandao, wengine kwenye seva na zile kompyuta za kukodi za mbali ambazo wenyewe huziita wingu, wengine kwenye mawasiliano ya redio na setilaiti.

Njia hii ya mwisho tunaijua kuliko wengi. Kila penye maafa mashirika hufika na mitambo ya mawasiliano, na tangu katikati ya miaka ya 2000 kazi hiyo imeratibiwa chini ya uongozi wa WFP. Mtu aliyewasha mtandao mahali pasipo na umeme wa kuaminika, penye vumbi la Agosti na radi za Januari, ana elimu ambayo aliyesomea katika jengo lenye kipoza hewa hana. Shida ni kuithibitisha.

Hapo lazima tuseme ukweli wa sheria. Malawi iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ikiwa imeweka akiba kwenye baadhi ya vifungu, zikiwemo kifungu cha 17 cha kazi za mshahara, cha 22 cha elimu na cha 26 cha kutembea. Mwaka 2023 Serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na wengi wetu tunajua maduka yaliyofungwa siku zile. Uganda ilichukua njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2021. Kwa hiyo kijana wa Nakivale na kijana wa Dzaleka wenye karatasi ileile hawana kesho ileile, na asiwadanganye mtu kwamba bidii peke yake inaondoa tofauti hiyo.

Wapo wanaosema: fanya kazi ya mbali kwa kompyuta, mipaka haina maana. Kwa mwandishi wa programu kuna ukweli ndani yake, ingawa malipo hutaka akaunti ya benki na karatasi. Kwa mtu wa mitandao ukweli ni mdogo, kwa sababu waya hauvutwi kwa mbali. Ndiyo maana nawahimiza wanaomaliza mitandao waongeze Linux na kuandika programu kidogo kwa Python. Taasisi ya LPI, iliyoanza mwaka 1999, ina cheti cha mwanzo cha Linux Essentials ambacho hakina tarehe ya kufa. Si kikubwa, lakini kitakuwa hai siku utakayokihitaji.

Na hapa nageukia wageni wetu wa mashirika, kwa heshima. Mradi unapokwisha na meneja anapohamishwa, yule kijana aliyetunza mtandao wenu miaka minne hubaki na kumbukumbu tu. Tunaomba barua. Isiwe barua ya kusema alikuwa mwaminifu na mwenye adabu. Hiyo tunazo nyingi. Iseme tarehe aliyoanza na aliyomaliza, kompyuta ngapi, mtambo gani, alifunga nini, alitengeneza nini, na iwe na anwani ambayo mwajiri wa ng'ambo atajibiwa. Mimi nimekosa kazi kwa cheti kilichokufa, lakini nimekosa nyingine mbili kwa sababu aliyenijua alikwisha ondoka na ofisi yake haikuwa na jalada langu.

KUSOMA ZAIDI

Cheti cha kiwanda hakikuingizi chuo kikuu. Kinachokuingiza ni diploma ya sekondari, na baada yake, vyuo vingine hukubali kozi za mitandao zihesabiwe au zikupunguzie somo moja mawili. Basi mwenye diploma ya Kongo au Burundi aliyeiacha nyumbani asitumie miaka mitatu kukusanya vyeti vidogo kabla ya kuitafuta hiyo kubwa. Mwaka 2019 UNESCO ilijaribu nchini Zambia hati maalumu ya kutambua elimu ya mkimbizi aliyepoteza karatasi, na mkataba wa dunia wa kutambua elimu ya juu ulianza kutumika tarehe 5 Machi 2023. Ni mambo ya kufuatilia, hasa kamati.

Misaada ya masomo ina historia ndefu kuliko tunavyodhani. DAFI, inayobeba jina la Albert Einstein, naye mkimbizi, ilianza mwaka 1992 kwa fedha za Serikali ya Ujerumani. Shirika la WUSC la Canada limepeleka wanafunzi wakimbizi vyuoni tangu mwaka 1978; wanafunzi wa Canada wenyewe huchangia, na anayechaguliwa huingia kama mkazi wa kudumu. Watu wa Dzaleka wamepita njia hiyo, na wanaojua watawaambia kwamba kilichowabeba ni alama za sekondari na lugha, si CCNA. University of the People, ulioanzishwa mwaka 2009, hufundisha kwa intaneti hadi digrii ya sayansi ya kompyuta. Hautozi ada ya masomo, ila kuna malipo kwa kila kozi, na upo msaada wa kuombwa. Miaka michache nyuma ilikadiriwa kwamba wakimbizi waliofika elimu ya juu ni 1% tu duniani. Hesabu ya mwaka 2023 ilikuwa 7%, na lengo lililowekwa ni 15% ifikapo mwaka 2030.

Canada pia, mwaka 2018, ilianza kwa majaribio kuwapokea wakimbizi kwa ajili ya ufundi wao, mwajiri akimchagua mtu kwa kazi anayoijua. Huko cheti kilicho hai hutazamwa, na barua ya kazi hutazamwa zaidi.

Swali ambalo kina dada huniuliza faraghani ni kama kazi hii ni ya wanaume. Mmoja wa waanzilishi wa Cisco ni mwanamke, nimeshamtaja. Katika darasa la mwisho nililosaidia, aliyepata hitilafu ya waya upesi kuliko wote alikuwa mama wa watoto watatu, mwenyeji wa Uvira, na alikuwa na mtoto mgongoni.

Mimi mtihani nimeurudia. Nililipiwa ada na rafiki niliyesoma naye Bujumbura ambaye sasa yuko ng'ambo, na safari hii tarehe ya mwisho nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango. Ninazo swichi mbili za zamani na ruta moja isiyo na kifuniko, zilizotupwa na ofisi moja mjini. Wanaotaka kufanya mazoezi, au kusaidiwa kuandika barua ya kuuliza kituo cha mitihani juu ya kitambulisho, wanikute Jumamosi saa nane mchana. Waje na daftari, nakala ya karatasi ya ukimbizi, na kama umeme umekatika siku hiyo, tutafanya hesabu za anwani za IP kwa penseli.